Maswali ya Kusimama

Kila lori la kutoka Tunduma liliposhusha abiria pale Mbalizi, mama yangu alikuwa mtu wa kwanza kuwalaki, ingawa hakuna hata mmoja aliyekuwa wake. Aliviacha viazi vyake vimetandazwa juu ya gunia, akamwambia shangazi avitazame, akalikimbilia lile vumbi huku kanga ikimponyoka begani. Wanaume walishuka wakiwa wamekakamaa kwa safari, koti juu ya koti, sanduku la bati kichwani, wengine na baiskeli mpya iliyofungwa makaratasi mpaka kwenye kengele. Walikuwa wakirudi kutoka kwenye migodi ya shaba, Rhodesia ya Kaskazini, alikokuwa kaka yangu. Mama alimchagua mmoja mwenye uso wa upole, akasimama mbele yake.

"Karibu nyumbani, baba. Mwanangu hajambo huko, siyo?"

Akamtaja kaka kwa jina, na jina la ukoo, na kilima tunachotoka.

"Hajambo, mama."

"Anakula?"

"Anakula, mama."

"Mwaka huu atakuja, eti?"

"Atakuja."

Basi. Mtu wa watu alijitwisha sanduku lake vizuri akaenda zake, na mama akarudi kwenye viazi. Jioni, jikoni, alitupa habari. "Kaka yako hajambo," alisema akikoroga sufuria. "Amenenepa."

Hakuna aliyesema amenenepa. Hilo aliliongeza mwenyewe njiani, kwenye kupanda kilima, kama mtu anavyookota kijiti cha kuni kwa sababu kipo. Na wengi wa wale waliosema hajambo hawakuwahi kumtia kaka machoni. Mmoja, nilikuja kujua baadaye, hakufika Rhodesia kabisa. Alikuwa ametoka Chunya kuchimba dhahabu asiyoipata, akasimama karibu na lori kujikinga upepo, mama akamuuliza, naye akasema hajambo.

Mimi, wakati huo, nilikuwa jikoni. Ni vizuri niseme mapema, maana mambo mengi ya maisha yangu yalitokea nikiwa jikoni. Kaka yangu alizaliwa na miguu, mimi nikazaliwa na makalio. Yeye kabla hajaota ndevu alikuwa amekwisha kwenda na kurudi Chunya, Tukuyu, Tunduma. Mimi nilikuwa na kigoda. Alikichonga marehemu baba, cha miguu mitatu, na kilikaa upande wa moto usiopata moshi, na mtu mwingine akikikalia nilijisikia kama nimehamishwa wilaya. Shangazi, dada yake baba, alikuwa akisema, "Huyu siku ya kuoa hatutahangaika. Bibi harusi tutamletea hapo hapo jikoni, aolewe na wote wawili, yeye na kigoda."

Mama alikuwa Mnyakyusa aliyeolewa Usafwani, kwa hiyo nyumbani tulichanganya lugha kama kande, na Kiswahili tukakitia kama chumvi, hasa akija mgeni. Ila adabu ya mgeni ilikuwa moja kwa lugha zote. Mgeni akifika mlangoni, anaulizwa habari, naye anajibu nzuri. Habari za huko? Nzuri. Watoto? Wazima. Hata kama ametoka kuzika, jibu ni nzuri, na hakuna anayemwita mwongo. Kisha anakaribishwa, anapewa kigoda, anapewa maji. Wote wakishaketi, mwenyeji anasema, "Enhe, za mlikotoka?" Hapo ndipo mtu anashusha alichokibeba. Ikiwa ni msiba, hapo ndipo unapotajwa, polepole, na anaambiwa kwanza mwanaume wa nyumba. Habari mbaya haitolewi kwa mtu aliyesimama. Asiyeketi ana pa kuangukia.

Hayo nilikuwa nayajua tangu sijaota meno. Kwa hiyo, kama ilivyo kawaida ya vitu tunavyovijua, sikuyafikiria kabisa. Nikapelekwa shule kujifunza mengine.

Shule ilikuwa Iringa, sekondari ya wavulana, kwenye baridi iliyojua kazi yake. Wenyeji walitusalimia "kamwene" kwa upole mwingi kisha wakatucheka jinsi tulivyoitikia. Nililia kwa kukikumbuka kigoda, nikawaambia wenzangu ni mafua. Katika darasa lile, ambamo picha ya Mfalme ilikuwa imeshushwa ukutani na ya Malkia ikapandishwa kwenye msumari ule ule, nilifundishwa mengi niliyoyasahau na kitu kimoja nilichokishika. Alitufundisha mwalimu wa Kihehe, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, ambaye kabla ya ualimu alikuwa mkalimani mahakamani.

Siku hiyo alimaliza kufundisha, akafunga kitabu, akauliza, "Nyote mmeelewa, siyo?"

"Ndiyo, mwalimu!" tukapaza kwa pamoja, paa likatikisika.

"Mmeelewa nini?"

Nje tulimsikia mpishi akigombana na kuni mbichi.

"Mnaona," akasema. Akatueleza kwamba kuna swali la mlango uliofungwa, ambalo anayeulizwa hana pa kupita ila ndiyo au hapana. Hilo ni zuri ukitaka kujua kama ng'ombe wamerudi zizini. Kuna swali la mlango wazi, ambalo mtu anaingia na kutoka na mizigo yake yote: ilikuwaje, nieleze, baada ya hapo? Hilo ni zuri ukiwa na muda na ukiwa huogopi utakachosikia. Na kuna swali la kumshika mtu mkono, ukamwongoza mpaka ndani ya chumba ulichokwisha mchagulia.

"Mahakamani nimemsikia mkubwa akimuuliza mkulima, 'Ulipomkuta shambani mwako ulikuwa na hasira, siyo?' Mkulima anamtazama yule mkubwa, na kofia yake, na viatu vyake. Anasema, 'Ndiyo, bwana.' Mimi natafsiri ndiyo. Basi, amekwisha." Akachukua kitabu chake. "Ukipenda sana jibu fulani, mdomo wako utamshika mtu mkono hata wewe usijue."

Nilirudi nyumbani na cheti changu na maswali yangu matatu. Wenzangu walikwenda kuwa makarani Mbeya, mmoja akafika Dar es Salaam. Mimi nilikubali kufundisha watoto wadogo katika shule ya misheni chini ya kilima chetu, ambako ukisimama mlangoni unaona moshi wa jiko la mama. Shangazi akasema elimu imenisaidia sana, imenisogeza umbali wa kutupa jiwe.

Ndipo nikaanza kumsikiliza mama. Na kwa kuwa nilikuwa msomi, na msomi asipomsumbua mtu anajisikia hajasoma, nilimvaa.

"Mama, nikimuuliza mtu, 'Wewe si mwizi, siyo?' atajibuje?"

"Atasema si mwizi." Akanitazama. "Kwani umeibiwa?"

"Sijaibiwa. Nasema, wale watu wa lori, unawauliza kwa namna ya kwamba wakujibu unachotaka."

"Sasa niwaulize ninachokikataa?"

"Uwaulize wakueleze. Ulimwona lini? Anafanya kazi gani? Anakaa na nani?"

"Mtu ana sanduku kichwani," mama akasema, "nawe unataka akuhubirie." Akanipa kiazi nimenye.

Lakini baridi ilikuwa imeniingia. Kaka alikuwa na kawaida ya kutuma salamu kwa kila anayemjua, salamu zenye matusi ya utani, ili tujue ni zake kweli. Kwangu alikuwa akituma, "Mwulizeni kama jiko bado linamtosha." Tangu nikiwa shule salamu hizo zilikuwa zimekatika. Zilikuja hajambo tu, hajambo tupu, zinafanana kama mayai. Kila Jumapili kanisani, mchungaji alipowaombea walio safarini, mama aliinua uso kidogo, kama mtu aliyesikia mwanawe akiitwa darasani.

Siku moja nilishuka naye Mbalizi. Lori lilipokuja nilimwahi abiria mmoja kabla yake, nikamwambia, kwa sauti ya mwalimu wangu, "Kaka, karibu. Hebu nieleze habari za ndugu yangu."

"Nzuri," akasema.

"Nzuri vipi?"

"Nzuri tu."

"Mara ya mwisho ulimwona akifanya nini?"

"Kazi."

"Kazi gani?"

"Si ya mgodi?" Jasho lilikuwa limemtoka, na ilikuwa Juni, nyasi zote zimeungua kwa jalidi, ule umande wa kuganda. Nikaona mlango wangu wazi umesimama wazi na hakuna anayepita. Mwalimu hakutufundisha la kufanya hapo. Mama akafika akihema, akanisukuma kando kwa kiwiko.

"Mwanangu hajambo huko, siyo, baba?"

"Hajambo, mama!" Yule mtu alipumua kama aliyetuliwa mzigo.

Lakini mama alipogeuka kurudi kwenye viazi, yule mtu alinishika mkono wa koti. "Bwana mdogo," akasema chini chini, "yupo mtu Chimala alikuwa naye shimo moja. Mwenye fimbo. Ukiuliza, utaonyeshwa. Nenda nyumbani kwake. Usimngoje njiani. Nyumbani kwake."

Chimala nilikuwa nimepita kila nilipokwenda shule na kila niliporudi, juu ya magunia, nimefumba macho kwa kichefuchefu. Safari hii nilipanda lori la mpunga, nikamwambia mama nakwenda kununua mchele. Alinitazama kwa muda. Mtu ambaye hajawahi kwenda hata kisimani bila kusukumwa, leo anafuata mchele Chimala.

"Huko kuna joto," akasema tu. "Usivae koti zito."

Njia nzima nilipanga maswali. Nilianza na lililo wazi kabisa, nikafuatisha madogo madogo ya kuhakikisha, na lile la kumshika mtu mkono nililitupa nje ya lori, kwenye mteremko, likabaki huko. Nilijisifu. Nilidhani mwalimu angejivunia.

Nyumba ya yule bwana ilikuwa ng'ambo ya mashamba ya mpunga. Alikuwa mkubwa kidogo kuliko kaka, mgongo umepinda, fimbo imesimamishwa karibu na paja. Tuliulizana habari mlangoni, zote nzuri. Mkewe akaniletea kigoda, akaleta maji ya kunawa, akaleta wali na kambale wa kukaushwa. Nilikula kwa sababu ningefanyaje. Mama yule akatoa vyombo, akaondoka, na nyumba ikatulia.

"Enhe," akasema yule bwana. "Za mlikotoka?"

Nikafungua mdomo. Kila nilichokipanga kilikuwa kimeondoka, kama watoto wa shule wakisikia kengele. Nikasikia sauti, ya kwangu, lakini maneno ya mama:

"Kaka hajambo, siyo?"

Alitazama kigoda, akanitazama mimi juu yake.

"Mdogo wangu," akasema, "umeketi. Mtu aliyeketi siwezi kumjibu hajambo."

Nje kuku alikuwa akiwaita vifaranga. Nakumbuka nilisubiri amalize, kana kwamba yeye ndiye mwenye zamu ya kusema.

"Mama yako alinikuta Mbalizi siku niliyorudi," aliendelea. "Nilikuwa nimebeba sanduku, huu mgongo bado mbichi, yeye kasimama mbele yangu anacheka. Akaniuliza, hajambo, siyo? Ningesema nini pale barabarani? Nilijibu. Siku ya pili nikapanda kilimani kwenu mwenyewe. Nikauliza, mwanaume wa nyumba ni nani? Wakaniambia baba yenu amefariki, mdogo wake amehamia Chunya, na wewe uko Iringa unasoma. Mama yako akatoka nje akanikuta uani. Nilingoja anikaribishe. Akanipa ndizi mkononi, nimesimama. Akaniambia, 'Ahsante kwa salamu zako za jana, baba, zimenifurahisha sana.' Akanisindikiza mpaka njiani."

"Hakukupa kigoda?"

"Hakunipa."

Kisha akanieleza. Sikumuuliza lolote. Mwamba wa juu uliporomoka wakiwa wanamalizia zamu, kaka akiwa mbele yake hatua chache. Yeye ulimpiga mgongo, kaka ulimfunika. Walimtoa wenyewe, watu wa kwetu, Wasafwa na Wanyakyusa na Wabena wawili, hawakungoja mtu. Aliniambia nani alishika kichwa na nani alishika miguu. Aliniambia walimwosha, na yeye, akiwa hawezi kuinama, alimwagia maji. Aliniambia waliimba wimbo wa kanisani wa kwetu, kila mmoja kwa lugha yake, ukaharibika, na mtu mmoja akacheka, wakamwacha acheke kwa sababu kaka mwenyewe angecheka.

"Alikuwa akikuiga," akasema. "Jioni tukirudi, anakalia ndoo iliyopinduliwa, anakunja mikono hivi, anasema, 'Nani amehamisha kigoda changu?' Tulikujua sote. Ulipoingia hapo mlangoni sikuhitaji kuuliza wewe ni nani."

Nilinunua mchele. Lazima ununue ulichosema unakwenda kununua.

Nilifika nyumbani ukungu umeshuka mpaka usawa wa mlango. Mama alikuwa uani akichambua maharage.

"Umerudi."

"Nimerudi, mama."

"Salama?"

"Salama."

"Chimala kuna joto, siyo?"

"Kuna joto."

"Mpunga umeiva?"

"Umeiva."

Nikaingia jikoni. Kigoda hakikuwapo mahali pake. Kilikuwa kimetundikwa kwenye dari ya kukaushia kuni, miguu mitatu ikining'inia gizani. Nikanyoosha mkono.

"Usiketi kwanza," mama akasema nyuma yangu. "Kuni zimekwisha."

Nikaenda kukata kuni. Niliporudi, maji yalikuwa yamekwisha. Nilipoleta maji, mbuzi wa jirani alikuwa kwenye kabichi. Kesho yake ikawa hivyo, na siku zilizofuata. Sijawahi kufanya kazi namna ile. Nilikuwa nikitoka shule nafika mlangoni, na kabla sijavuka kizingiti nina jembe mkononi. Chakula alinipa nikiwa nimeegemea nguzo. Aliniuliza maswali mengi sana siku hizo, kuliko maisha yangu yote: umekula, umeshiba, watoto wamekuja wote shuleni, mvua itanyesha, eti? Nami nikajibu ndiyo na hapana. Hatujawahi kuongea sana hivyo.

Shangazi alipopita akasimama mlangoni, akashangaa. "Huyu ana nini? Anakula amesimama kama ng'ombe. Wifi, mtoto kavunjika kiuno?"

"Ana jipu," mama akasema.

Shangazi akafurahi sana. Kilima kizima kikaja kunipa pole kwa jipu langu, na kila mmoja aliuliza, "Linaiva, siyo?" nami nikasema linaiva.

Ningeweza kusema tu. Niliwaza hivyo kila siku nikiwa na jembe. Nilikuwa na maswali matatu ya Iringa na majibu yote ya Chimala, na mbele ya mama yangu vyote havikuwa na pa kushukia. Usiku nilimsikia akizungumza na mtu usingizini, akisema karibu, karibu, na hakuwa akisema keti.

Yaliyotokea baadaye alinieleza shangazi. Walikuwa Mbalizi wote wawili, lori la kwenda Tunduma limesimama, vijana wanapanda. Mama mmoja wa kilima cha pili alikuwa akimsindikiza mwanawe, kijana mrefu aliyevaa koti la kuazima. Akamwona mama yangu, akamfuata amejaa furaha ya woga.

"Mama nanii," akasema, "wewe wako yuko huko siku nyingi. Huko ni kuzuri, siyo? Wako hajambo?"

Shangazi alisema mama alikuwa ameinama anapanga viazi. Akainuka navyo mkononi. Akafungua mdomo. Lori likapiga honi, yule mama bado anangoja, anatabasamu, anamtikisia kichwa kama kumsaidia. Mama hakusema hajambo. Viazi vikamponyoka kimoja kimoja vikabiringika mpaka chini ya matairi, na shangazi akaingia uvunguni kuviokota akilaani.

Kijana alipanda au hakupanda, shangazi hakuona.

Mama alirudi jua likiwa bado lipo, na gunia karibu lote. Mimi nilikuwa nimesimama uani, nikiegemea jembe, kama ilivyokuwa desturi yangu mpya. Alinipita. Nilimsikia jikoni akisogeza kitu. Nilipoingia alikuwa amekishusha kigoda, anakipangusa vumbi kwa ncha ya kanga, juu, ubavuni, mguu mmoja baada ya mwingine. Akakiweka upande usiopata moshi.

"Keti," akasema.

Nikaketi. Yeye aliketi sakafuni, akanyoosha miguu mbele, akafungua kilemba akakiweka mapajani.

"Enhe."

Nikamwambia. Nilianzia mwanzo, mwamba, zamu, mgongo wa yule bwana, wimbo. Hakunikatiza. Moto ulipungua na hakuna aliyeongeza kuni, ingawa zilikuwapo nyingi, nilizikata mwenyewe. Nilipofika kwenye ndoo na mikono iliyokunjwa, alitoa sauti ambayo ingeweza kuwa kicheko, kisha haikuwa.

Mwisho aliuliza swali moja.

"Nani alimwosha?"

Nilikuwa nalo jibu. Nikamtajia mmoja mmoja, aliyeshika kichwa, aliyeshika miguu, aliyemwagia maji. Kila nilipotaja mmoja alitikisa kichwa taratibu, na nilipomaliza akaniambia niwataje tena.